Alhamisi Iliyorukwa

Katika miaka yote tangu nilipoondoka Nyamwaga, Chacha alinipigia simu mara moja tu, kuniambia kwamba mama yake amefariki na anazikwa Jumamosi. Hakuuliza kama nitafika. Alitaja siku, akataja saa, akakata. Simu ilinikuta Musoma kwenye karakana ya mafriji, nikijifunza, kwa umri wangu huu, jinsi gesi inavyojazwa. Maisha yangu yamekwenda hivyo. Nikiona kitu kinafanya kazi na sijui kinafanyaje, nakaa hapo mpaka nijue, halafu naondoka. Shule niliiacha kidato cha pili kwa ugonjwa huohuo. Ya kwetu Issenye, kando ya mbuga za wanyama, nayaacha, hayana mchango katika mwaka ninaotaka kuusimulia. Mwaka huo karibu wote niliumaliza ndani ya chumba kimoja, sebuleni kwa Mama Mwita, huyo mama yake Chacha, na nilipofika msibani nikakiona tena chumba kile, kilikuwa kimetolewa makochi ili wanawake wakae chini kwenye mikeka. Meza ya kioo ilikuwa palepale ukutani. Juu yake, kwenye rangi ya mbao, alama ya mraba ilipokaa skrini bado ilikuwa nyeupe kuliko sehemu nyingine.

Ilikuwa meza ya kujipambia, ya chumbani. Mama Mwita aliihamishia sebuleni kwa sababu ndiyo meza pekee iliyotosha kompyuta, kwa hiyo nyuma ya skrini kulikuwa na kioo kirefu. Ukikaa kufuatilia bei ya dhahabu uliona mstari wa bei, juu ya mstari uliona uso wako, na juu ya bega lako uliona mlango. Watu wote walioingia chumba kile mwaka mzima niliwaona kwanza kwenye kioo. Mpaka leo nikikumbuka sura ya Chacha inakuja imegeuzwa, kovu la kwenye nyusi likiwa upande usio wake.

Ilikuwa miaka ya dhahabu, wakati mtu aliyelala mkulima wa mahindi Nyarero aliweza kuamka ana hisa kwenye duara. Duara ndilo shimo la kuchimbia, lenye kamba na gurudumu la kuvutia watu na viroba vya mawe. Mama Mwita alinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, nyumbani kwake, kwa mzani mdogo aliouficha ndani ya bati la biskuti. Asubuhi benchi la nje lilijaa wanaume wenye vumbi la mwamba kichwani, kila mmoja na kipande chake kwenye karatasi ya sigara, wakisubiri kuambiwa bei. "Issenye," walinipigia kelele dirishani, kwa sababu hakuna aliyejishughulisha na jina langu, "Ulaya wameamka?" Nikiwaambia bei imeshuka, mmoja wao, mzee mwenye meno mawili ya mbele, alisema kila siku maneno yaleyale: tuwape chai kwanza, wakishiba watapandisha. Walicheka kila siku.

Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya skrini na kumsomea mama bei kila nusu saa. Programu yenyewe ya chati ilikuwa nzuri. Ilikuwa na rangi, na mishumaa, vile vifimbo vyekundu na vya kijani ambavyo wafanyabiashara wa bei huvipenda, ila mama aliikataa mishumaa siku ya kwanza. Alisema mishumaa ameiona ya kutosha, nimwekee mstari. Mwaka mmoja kabla sijafika, mshirika wake wa Mwanza alikuwa akimlipia data ya bei ya moja kwa moja, ile ya gharama, inayotoka sokoni sekunde kwa sekunde. Mshirika alipojitoa, data ikakatwa. Ndipo akaingia Marwa, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa na kibanda cha kompyuta Isebania, ng'ambo ya mpaka tukishavuka Sirari. Ndiye aliyemfungia shangazi yake kompyuta tangu mwanzo. Sasa alikuwa akiuza kifurushi chake mwenyewe cha bei, rahisi kiasi kwamba hata watu wa kukaa nyumbani na kucheza na soko kwa kompyuta ya mtoto walikimudu. Alikuwa na wateja kama mwalimu mstaafu huko Nyarero, mwenye duka la dawa Tarime mjini, na wengine kama hao. Kila Jumapili flashi ilikuja kwa bodaboda, imefungwa kwenye bahasha ya kaki, nami naichomeka. Marwa alinieleza kwa simu kwamba modemu inaleta bei ya asubuhi, na flashi inaipa programu uwezo wa kuendelea wiki nzima bila kula bando. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza. Alitumia maneno mengi nisiyoyajua, nikaona haya.

Kulikuwa na njia nyepesi ya kugundua kwamba kuna kasoro. Wanunuzi wakubwa wa Tarime walipiga simu alasiri na kutaja bei, na mara nyingi bei yao haikulingana na yetu. Yetu ilianza asubuhi sawasawa na ya kila mtu, kisha ilipofika jioni ilikuwa imekwenda upande wake. Lakini hapakuwa na mtu pale aliyeiamini simu. Mtu wa simu ni mtu, anataka kununua kwako kwa bei ya chini, atasema lolote. Mashine haina dhahabu ya kununua. Kwa hiyo kadiri simu zilivyopingana na skrini, ndivyo sisi tulivyozidi kuiheshimu skrini, na mama alikata simu akisema, "Wakurya hatudanganywi na sauti," halafu ananitazama kwenye kioo, "wala wewe mla nyumbu usidanganyike."

Mchana tulikula hapohapo. Ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, dagaa, na siku za mvua ndizi zilizopondwa na maziwa. Sahani ziliwekwa nne ingawa tulikuwa watatu, yeye, Chacha na mimi. Ya nne ilifunikwa. Chacha alikuwa na umri kama wangu, mwepesi wa maneno, na wiki zangu za kwanza kazi yake ilikuwa kuniuliza kama kwetu tunachumbia kwa mikia ya swala. Lakini sahani ile hakuitania, hata kuitazama hakuitazama. Sikuambiwa ni ya nani. Nilisikia siku moja wanawake wawili wa jirani wanamenya ndizi nyuma ya dirisha, mmoja akimsimulia mwenzake aliyekuwa Kenya msiba ulipotokea. Mwita, kifungua mimba, alikuwa duarani. Matimba, zile nguzo za kuzuia udongo, yaliteleza, ukuta ukamfunika. Watu walikuja wakikimbia na kupiga kelele barabarani, na mama alikuwa sebuleni, jenereta inanguruma, hasikii wanasema nini. Akatoka nyuma akaizima ili asikie vizuri. "Saa tisa na dakika kumi," alisema yule mwanamke. "Angeiacha tu. Angepata dakika mbili tatu zaidi za kuwa na mtoto." Nikasikia kisu cha mwenzake kikiendelea kumenya.

Nilikuwa nimekaa pale miezi kumi hivi aliponiambia, bila kuinua macho kwenye mzani, kwamba leo saa sita bei itaanguka, itakaa chini mpaka saa nane, kisha itapanda polepole kama mzee anayepanda kilima. Nikafikiri anatania. Saa sita mstari ulianguka. Saa nane ulianza kupanda. Kesho yake akasema tena, ikawa tena, na siku ya tatu nilijikuta sitazami skrini, nautazama uso wake kwenye kioo juu ya mstari, naona midomo yake ikitangulia kidogo. Hakuonekana kufurahi wala kuogopa. Alikuwa kama mtu anayesikiliza wimbo wa kanisani anaoujua.

Siku ya nne alinionyesha madaftari. Yalikuwa ya grafu, yale ya hesabu ya wanafunzi, na kila ukurasa ulikuwa siku moja. Hakuwa amesoma sana, lakini mkono wake ulikuwa wa mtu anayefuma vitambaa vya makochi, kila nukta mahali pake, mstari mwembamba wa penseli kutoka asubuhi hadi jioni. Alianza kuchora tangu data ya Mwanza, kwa sababu umeme ukikatika skrini inasahau, karatasi haisahau. Pembeni aliandika neno moja au mawili. Mvua. Mnada. Ng'ombe wa Nyangi amepotea. Alifungua daftari la mwaka uliopita kwenye wiki kama ile, akaliweka chini ya skrini, na mstari wa karatasi na mstari wa skrini ulikuwa mstari mmoja. Hata kile kijipindo cha saa tano na nusu, kama kiwiko, kilikuwepo. Nywele za mikono yangu zilisimama mchana kweupe, kuku wanapiga kelele nje na wachimbaji wanabishana juu ya mpira.

"Siku zinarudi," alisema.

Alipekua mbele taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akihesabu kwa kugusa. Siku ya kumi na moja kutoka pale ilikuwa Alhamisi. Mstari wake ulifika saa tisa ukaishia hewani. Ukurasa uliofuata ulikuwa umegandishwa na wa baada yake kwa uji wa muhogo, zimekuwa kama karatasi moja nene, nami nikadhani hazina kitu. Aliweka kiganja juu ya Alhamisi. Akaniambia kwamba siku hiyo Chacha hatashuka kuzama duarani, atakaa nyumbani, na yeye atakaa hapo mbele ya mstari na jenereta imejazwa mafuta mpaka juu. "Safari ile nilizima," alisema. "Safari hii sizimi. Nataka nione inakwenda wapi."

Kwa Chacha haikuwa rahisi hivyo. Duara lake lilikuwa limefika kwenye mshipa wenyewe, ule mwamba wenye dhahabu, wiki ile. Utaratibu wa kundi ulikuwa wa zamu, na zamu ya watu wake iliangukia Alhamisi. Asiyezama kwenye zamu yake hana mawe, na aliyekosa zamu siku mshipa umeonekana ni kama amekufa, wenzake hawamrudishii. Alikuwa amechimba pale miezi saba akitoa udongo mtupu. Nilimsikia akimwambia mama yake jikoni kwamba hawezi kupoteza miezi saba kwa sababu ya penseli. Sikusikia mama alijibu nini, ila Chacha alitoka akanipita bila kunitania, akasema kwa chini, "Ameniapisha kwa sahani ya Mwita." Alikuwa amekubali kubaki.

Mimi nilikuwa na mdudu wangu wa kutaka kujua. Jumatatu ya wiki iliyotangulia Alhamisi ile, mama alipokwenda mashineni kusaga, nilifanya jambo ambalo mpaka leo silielewi kwa nini sikulifanya mapema. Niliivuta modemu kutoka kwenye kompyuta. Nikaishika mkononi, taa yake imezimika. Nikaketi kusubiri mstari usimame. Haukusimama. Uliendelea kutembea, hatua kwa hatua, ukapanda, ukashuka kidogo, ukafanya kiwiko chake. Soko la dunia nzima lilikuwa linatembea mbele yangu na hakuna kitu kilichokuwa kinaliunganisha na dunia. Kwa kweli nilitazama kwenye kioo kuona kama kuna mtu nyuma yangu. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi yule mzee wa meno mawili alikuwa amelala kinywa wazi.

Jumamosi nilivuka mpaka. Kibanda cha Marwa kilikuwa kati ya fundi viatu na muuza chapati, na Marwa mwenyewe alikuwa kijana mnene mwenye adabu, aliyenipa kiti na soda kabla sijasema kitu. Niliposema nilivuta modemu, alifunga mlango. Hakukana. Alieleza kama fundi anavyomweleza fundi. Kompyuta ya shangazi yake ilikuwa imehifadhi kila kitu ilichopokea mwaka ule wa data ya gharama. Yeye alinakili yote. Sasa kila asubuhi programu yake inachukua bei ya kweli ya kufungulia, inaichomekea siku ileile ya wiki ya mwaka jana, na kuanzia hapo siku ya zamani inatembea ikivaa bei mpya.

"Lakini si uongo, Issenye," alisema. "Hizo ni siku za ukweli. Zilitokea. Mimi nazirudisha tu."

Nikamwambia ni siku za nyumba gani. Nikamwambia Alhamisi ijayo ni ipi. Akaifungua kwenye mashine yake, na wote wawili tukaiona. Mstari ulikuja vizuri tangu asubuhi, ukafika saa tisa na dakika kumi, ukakatika. Palikuwa peupe. Mbele kidogo ulianza tena, juu zaidi, kama mtu aliyeruka mtaro. Marwa alisema faili imeharibika. Haikuharibika. Soko halisimami kwa sababu jenereta imezimwa Nyamwaga. Ule weupe ulikuwa dakika arobaini, kuanzia mkono wa Mama Mwita ulipozima mpaka mtu mwingine alipowasha tena ili watu wachaji simu, waite ndugu. Nilikuwa natazama kimya kile chenyewe kilichohifadhiwa kwenye mashine na kuuzwa kwa mwalimu mstaafu wa Nyarero.

Sasa fikiria nilichofikiri. Mama angekaa mbele ya skrini, mafuta yamejaa, jenereta inanguruma, amejiahidi kwamba safari hii hazimi. Na saa tisa na dakika kumi mstari ungekatika mbele ya macho yake. Marwa naye aliliona. Alisema, "Naweza kuiruka hiyo siku, bana. Mahali pa Alhamisi iingie Ijumaa. Ni kubonyeza tu." Ningeweza kumkataza. Ningeweza kurudi Nyamwaga, nikavuta modemu mbele ya mama na kumwambia ukweli. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, na nilifikiri nimepewa nafasi ya kufanya wema kwa kubonyeza. Nikasema iruke. Nikarudi na flashi kwenye mfuko wa shati, na Jumatano jioni nikamwambia Chacha azame. Nilimwambia ni mashine tu, hakuna siku itakayorudi. Sikumweleza zaidi. Alinitazama sana, kisha akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Alhamisi mama aliamka akapika ndizi na maziwa, akafunika sahani ya nne, akavaa gauni lake la kanisani. Aliniuliza Chacha yuko wapi, nikasema amekwenda kwenye karasha kusagisha mawe, anarudi. Aliamini. Alichonga penseli kwa kisu akaketi kwenye kiti changu, mimi nikasimama nyuma, na kwenye kioo tulikuwa vichwa viwili juu ya skrini. Saa tano mstari ulianza. Akaweka nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne mkono ulibaki hewani. Alichukua kile kisu cha penseli akakipitisha kati ya zile kurasa mbili zilizogandishwa, taratibu, karatasi ikilia, akazifungua. Zilikuwa na mstari. Ijumaa ile ya msiba alikuwa amekaa chumba hichohicho katikati ya wanawake wanaolia, mashine imewashwa kwa ajili ya simu za watu, na alichora, kwa sababu macho yake hayakuwa na pa kwenda pengine. Mstari ule aliujua kuliko yote.

"Hii ni Ijumaa," alisema. Akageuka, akaacha kunitazama kwenye kioo, akanitazama mimi. "Alhamisi imeshapita. Chacha yuko wapi?"

Nilikuwa na maneno yote. Nilijua flashi, nilijua faili, nilijua jinsi kila kitu kilivyofanya kazi. Macho yangu yalikwenda kwenye mlango. Alisoma jibu usoni mwangu, akatoka peku, kilemba kimebaki kwenye kiti.

Duara la Chacha halikuwa mbali, mwendo wa kuvuka shamba la mahindi na kupanda kidogo. Nilimfuata nikiwa nyuma hatua kumi na sikuweza kumfikia. Watu wa pale wanajua, na yeye mnunuzi wa miaka mingi alijua kuliko wengi, kwamba mwanamke hasogei mdomo wa duara. Akisogea dhahabu inakimbia, wanasema, na kundi lazima litoke liache shimo mpaka wiki iishe. Wanaume wa kamba walimwona wakasimama, mmoja akanyoosha mkono, "Mama, hapo hapo, Mama Mwita, hapo hapo." Alipita katikati yao. Akapiga magoti ukingoni, akaweka mikono miwili kwenye udongo, akaita chini. Hakumwita Chacha. Aliita, "Mwita."

Kutoka chini, mbali, sauti ya mwanamume ilijibu, "Naam, mama."

Nilisikia. Wale wa kamba walisikia, na mmoja aliachia gurudumu. Kisha kamba ikatikiswa mara tatu, wakavuta, na akatoka Chacha, mzima, amejaa tope mpaka kope, na uso wa mtu aliyeibiwa. Aliwatazama wenzake, akamtazama mama yake akiwa magotini, akajua zamu yake imekwisha na ya wenzake pia. Hawakumpiga. Walikusanya nyundo na viroba vyao bila kumsemesha. Mama hakumkumbatia. Alimshika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja, na huku bado anatazama ndani ya shimo.

Duara halikuanguka, wala siku ile wala baadaye. Jumatatu kundi lilirudi bila Chacha na likatoa mawe mazuri miezi miwili. Chacha hakuzama tena. Alivuka kwa wajomba Kenya, alirudi akalima, alioa. Mimi niliondoka wiki iliyofuata nikidanganya kwamba nimeitwa nyumbani. Kabla sijaondoka niliona mama amefunika skrini kwa kitambaa cha kochi, na benchi la nje lilikuwa tupu, kwa sababu wachimbaji walikuwa wamesikia na waliogopa mzani wake.

Jioni ya mazishi, watu walipopungua, Chacha alinipeleka sebuleni. Ana mvi sasa, na kovu liko upande wake sahihi. Alisema Marwa alikiri kwake mwaka uleule, mambo ya flashi na siku za zamani, naye Chacha akaenda kumwambia mama yake akidhani anamtua mzigo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Akaniambia, 'Mimi si mjinga, Chacha. Nilijua ni siku za zamani, nilizichora kwa mkono wangu. Nilikuwa naisubiri Alhamisi yangu tu. Nani aliichukua?'" Chacha alikuwa amesimama kati yangu na mlango. "Marwa alisema si yeye aliyeamua. Nikasubiri uje mwenyewe."

Nikamwambia ni mimi. Kisha nikamuuliza jambo ambalo nimelibeba miaka yote hii, kwa nini alijibu kwa jina la kaka yake.

"Mimi sikusikia mtu akiita," alisema. "Nilikuwa ndani kabisa, kwenye mshipa, nagonga. Nilitikisa kamba kwa sababu taa yangu ilizimika."

Alifungua droo ya meza ya kioo akanipa daftari la grafu, akasema mama aliagiza nipewe, mimi, yule wa Issenye. Lilikuwa na kurasa chache tu zilizochorwa, ukurasa mmoja kwa kila mwaka, na zote zilikuwa Alhamisi ileile. Nikazijua kwa jinsi zilivyoanza. Penseli ilikuwa na mkono imara kwenye za mwanzo, yenye kutetemeka kwenye za mwisho, lakini kila nukta ilikuwa mahali pake. Zote zilifika saa tisa na dakika kumi, na hakuna hata moja iliyokatika. Mstari ulipita hapo, ukashuka kidogo, ukapanda, ukaenda mpaka saa kumi na mbili jioni. Pembeni mwa kila ukurasa, mahali alipozoea kuandika mvua au mnada, alikuwa ameandika: Mwita amerudi. Amekula.